Radhi Juu ya Mto Ramisi

Mto uliofura una harufu yake: tope bichi, miwa iliyooza, mizizi iliyong'olewa ikiwa bado hai. Harufu hiyo ilituingilia nyumbani masika yale yaliyofuata kupandishwa kwa bendera mpya ya uhuru, mvua iliponyesha mpaka kuta za udongo zikalainika kama ugali. Njia ya kutoka kwetu hadi barabara kuu ya Msambweni ilikuwa chini ya maji. Baba alikuwa kibaruani Mombasa. Mama alikuwa ameshikwa na uchungu wa kuzaa tangu jana yake, na mtoto hatoki.

Kwetu uzazi ukikwama, kwanza hutafutwa kinyongo. Husemwa kuna mtu moyo wake umefunga, na tumbo la mzazi limefunga pamoja nao. Mtu huyo alijulikana na kila mmoja: nyanya, mama yake baba, ambaye hakuwa amesema na mama tangu mavuno, kwa kuamini mama ndiye aliyemshawishi mwanawe akimbilie mjini. Asubuhi nzima ilitupotea tukimbembeleza atoe radhi, huku mto ukipanda. Mkunga alipotoka chumbani akifuta mikono, alisema neno moja tu: "Hospitali."

Njia iliyobaki ilikuwa mto wenyewe. Ami Rashidi, ndugu mdogo wa baba, kazi yake ilikuwa kuteremsha magogo kwa maji mpaka kwenye daraja la barabara kuu. Kila mwamba aliujua. Alikata migomba, akaifunga kwa kamba za makumbi ikawa chelezo, akamlaza mama juu ya mkeka. Mimi nilipandishwa kwa kuwa nilikuwa mwepesi, nikishike kichwa chake. Nyanya naye akapanda bila kuombwa. Ami akashika upondo wake mrefu, lakini kamba ya ukingoni hakuifungua.

"Mama, mpe radhi mkweo," alimwambia nyanya. "Mimi sichukui kinyongo majini."

"Rashidi, wewe nimekuzaa juzi. Sukuma!"

"Sisukumi."

"Haya, nimempa."

"Kwa mdomo huo unaotafuna tambuu?"

"Ndio nilio nao!"

Ami akasonya, akafungua kamba. Maji yakatunyakua. Mfa maji hukamata maji; mimi nilikamata nywele za mama. Ami alipopiga kelele "Laleni kulia!" tukalala kulia, na mwamba ukatupita karibu hata nikahisi baridi yake. Migomba miwili ikachomoka. Tulipofika kwenye maporomoko, mama aliacha kugumia kwa uchungu, na kimya chake kiliniogofya kuliko mngurumo wa mto. Nilimwita, hakuitika. Hapo nyanya akatambaa kwa magoti, akachota maji yale mekundu kwa tope, akayajaza kinywani na kumpulizia kifuani, kama wazee wetu wafanyavyo wanapobariki.

"Radhi yangu hii, mwanangu. Yote. Usiniache na aibu hii, mwanangu."

Sikuwahi kumsikia akimwita hivyo. Mama akafumbua macho. Sidai kuwa ni yale maji, nasema nilichokiona. Darajani watu walimwopoa, wakampakia kwenye lori. Hospitalini walimwokoa yeye. Mtoto, wa kiume, alikuwa ameshakata roho. Daktari alisema kwa upole kwamba lau tungalifika asubuhi, angalikuwa hai. Nyanya aliketi sakafuni pale pale aliposimama. Maji yakimwagika hayazoleki.

Siku hizi vijana huicheka mila ile, nami hujikuta nikicheka nao, kisha nikikasirika. Ilitunyang'anya asubuhi moja, na asubuhi ile ilikuwa ndugu yangu. Lakini sijui kama mama angalitaka kufumbua macho mbele ya mwanamke asiyemsamehe. Mizani hiyo imenishinda kuisawazisha. Sasa kuna lami, na gari huvuka Ramisi kabla mtu hajamaliza alichokuwa akisema. Abiria huendelea na soga zao. Mama peke yake huyakata maneno yake katikati, akautazama mto mpaka tufike ng'ambo. Sijawahi kumwuliza alitaka kumalizia nini.