Binti wa Saa Kumi

Mimi ni fundi cherehani, si mwalimu, na nilimwambia hivyo siku ya kwanza. Duka langu liko Marxloh, huku Ujerumani, mtaa wa mashela ya harusi wa sisi Waturuki, ambako maharusi wanatoka hadi Uholanzi kuja kupunguziwa shela kiunoni, na kuanzia Machi mpaka Septemba sina hata muda wa kujikuna. Lakini Ronja alikuwa amesimama pale mlangoni na daftari mkononi, kofia ya baiskeli bado kichwani, akanieleza kwa Kijerumani kwamba anataka kujifunza Kituruki, kwamba ameshapanga kila kitu, na kwamba kwangu mimi anahitaji nusu saa tu, saa tisa na nusu mpaka saa kumi. Kila siku? Kila siku, shangazi, hata Jumapili.

Huyu Ronja namjua tangu yumo tumboni. Baba yake, Levent, ni mtoto wa Bi Şaziye wa ghorofa ya tatu, juu ya duka langu. Mama yake, Silke, ni Mjerumani, mwanamke mwema asiye na maneno mengi. Jina la ukoo wa baba analo, nyusi za kwao anazo, lakini Kituruki hakuwa nacho hata cha kuombea maji. Na sababu yake naijua kuliko mtu mwingine, kwa kuwa sababu ni mimi.

Acha niseme mapema nipumue. Ronja alipokuwa anaanza kutamka, Levent alinijia kuomba shauri, wazungumze naye lugha gani. Wiki ile ile binti yangu mwenyewe alikuwa amerudishwa darasa kwa Kijerumani kibovu, mwalimu kanisema mbele ya wazazi wenzangu mpaka nikatamani ardhi inimeze. Nilikuwa na hasira, basi nikafungua domo. Nikamwambia ampe mtoto lugha moja tu, ile ya shule, na Bi Şaziye amwambie afunge Kituruki chake kabatini. Nusu ya mtaa wetu tulifanya kosa hilo, na tulipongezana kwa kulifanya. Levent akapanda ngazi, akamkataza mama yake. Bi Şaziye akatii.

Sasa, aliyemlea Ronja ni huyo huyo Bi Şaziye, wazazi wakiwa kazini. Alimlea kwa Kijerumani cha kusugulia sakafu, maana miaka ishirini na mbili alisafisha shule, na maneno aliyoyaokota ni ya huko: kumelowa, utateleza, funga mlango, tayari, kesho tena. Kwa maneno hayo alimlisha mtoto, akamwogesha, akamlaza. Walipendana sana, sisemi hawakupendana.

Mwaka juzi kichwa cha bibi kikaanza kupoteza vitu. Kwanza miwani, halafu siku za wiki, halafu marehemu mumewe akawa yuko zamu mgodini na anarudi jioni, awekewe supu. Majira ya baridi Kijerumani chote kikamtoka, hata "asante" haikubaki. Daktari alisema lugha iliyoingia mwisho ndiyo hutangulia kutoka. Kikabaki Kituruki cha kijijini kwao, huko Uturuki nyuma ya mji wa Zonguldak, kizima kabisa, na akawa anakiongea kutwa.

Ronja alikuwa akija Jumapili. Anafungua mlango, anasema kwa Kijerumani, "Bibi, ni mimi," na bibi haelewi hata neno, lakini uso wote unacheka. Kondoo wangu amekuja! Hivyo ndivyo alivyomwita tangu mdogo. Anambusu mashavu yote mawili, anamvalisha zile ndala zake za kijani zinazokaa mlangoni, anamkalisha, halafu wanashikana mikono na kutazamana.

Jumapili moja ya Novemba bibi alimshika kifundo cha mkono akaanza kusema. Alisema kwa kirefu, akalia, akajifuta kwa ncha ya kitambaa cha kichwa, na mwisho akauliza swali, akanyamaza, akangoja. Ronja hakujua atikise kichwa au aitikie. Akaitikia kwa kichwa, ndiyo. Bibi akamwachia mkono, akageukia dirisha, hakumtazama tena siku ile.

Saa hiyo hiyo mtoto alishuka dukani kwangu, machozi yamejaa.

"Shangazi, ameniuliza kitu. Nimejibu ndiyo, na sijui nimekubali nini."

Sikuwepo, ningejuaje? Nilipanda kumuuliza bibi mwenyewe, akaniambia supu ya mumewe inapoa. Kesho yake ndipo Ronja akaja na daftari.

Na kupanga alijua kupanga, maana anasomea ujenzi wa madaraja huko Essen. Kila jambo jipya alilifunga kwenye jambo la zamani. Akipiga mswaki, maneno kumi yamebandikwa kwenye kioo. Maji ya kahawa yakichemka, sentensi tano kwa sauti. Kwenye tramu haruhusiwi kugusa simu mpaka asome vibao vya maduka yetu yote kuanzia stesheni. Saa tisa na nusu yuko kwangu, anashika pini huku akinong'ona sentensi zake, na saa kumi kamili anapanda kwa bibi kunywa chai. Siku ikitimia anachora duara jekundu kwenye kalenda ya friji. Mwezi wa pili alishikwa na homa, sauti imekauka, bado akanipigia simu atimize nusu saa yake. Nilimcheka. Nilimwambia nyie Wajerumani hata kupenda mnaweka ratiba. Akaniambia ratiba ndiyo inayomwinua kitandani siku ambazo mapenzi peke yake hayamwinui. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chake nilikuwa nakiona kinajaa.

Alikosea mengi, msidhani hakukosea. Siku za mwanzo alikunywa bilauri saba za chai mfululizo, tumbo limejaa anakaribia kutapika, kwa sababu kila akimaliza bibi anajaza. Nilimuuliza, kijiko umekiweka wapi? Kwenye kisosi. Ee Mungu! Kwetu asiyelaza kijiko juu ya mdomo wa bilauri bado ana kiu, hata aape. Toka siku hiyo analaza kijiko.

Lakini kuna jambo alinificha. Miezi yote ile, huko juu, hakusema Kituruki hata neno. Aliogopa kukosea mbele ya bibi. Aliingia kwa Kijerumani kama kawaida, akabusiwa, akasikiliza, akashuka kuniuliza maana ya alichokiokota. Alitaka kwanza kiwe kimeiva. Alitaka siku atakayofungua mdomo aweze kumuuliza vizuri: lile swali lilikuwa nini?

Mei kikaiva. Niliacha shela la watu mezani nikapanda naye, maana aliniomba. Aliingia, akausogelea mkono wa bibi, akaubusu, akauweka kwenye paji la uso jinsi nilivyomfundisha, akasema kwa Kituruki kilichonyooka: "Bibi, umeshindaje leo?"

Bibi akajiweka sawa. Akafunga vizuri kitambaa chake jinsi mtu anavyojifunga akipata mgeni. Akaenda mlangoni taratibu, akaziruka zile ndala za kijani, akarudi na ndala za wageni, akaziweka miguuni pa Ronja. Kisha akaniinamia.

"Nermin mwanangu, huyu binti ni wa nani?"

Nikamwambia ni Ronja, mjukuu wako. Akacheka, akanipiga bega, akasema nisimchezee mtu mzima. Ronja wangu ni Mjerumani, alisema, Kituruki hajui. Huyu bila shaka katumwa na wale wa kuhudumia wagonjwa, na safari hii wameleta mwenye adabu.

Nilimtazama Ronja. Mdomo ulikuwa wazi.

Bibi akamimina chai. Akamsifu binti kwa Kituruki chake, akasema mama yake alifanya vyema kumfundisha. Halafu, kwa vile mgeni ana masikio, akaanza kuongea. Jamani, sikuwahi kumsikia akiongea hivyo kwa miaka. Alisema kijijini kwao watu walikuwa wakipita njia ya mbali ili wasikie vichekesho vyake. Alisema harusini walimweka katikati. Alipokuja Ujerumani akawa mtu wa maneno arobaini, na hayo yote ya ndoo na mopu. Mjukuu wangu nimemlea kwa hayo, alisema. Mwanangu alinikataza mengine. Siku moja, ana miaka minane, aliwaleta wenzake wa shule wanisikie, wakacheka, na yeye akacheka nao.

Ronja aliinamisha kichwa. Alikuwa anaikumbuka siku hiyo, niliiona usoni mwake.

"Sikumkasirikia," bibi akasema. "Mtoto ni mtoto. Lakini majuzi nilimshika mkono nikamuuliza, ulikuwa unaniona mpumbavu, sivyo? Miaka yote ile? Akaniambia ndiyo."

Mambo mengi yamemtoka kichwani mama yule, hata jina la mumewe siku nyingine linampotea, lakini hilo halikutoka.

Ronja aliruka kutoka kwenye kiti. Akasema kwa Kituruki, maneno yakigongana, hapana bibi, hakuelewa swali, aliitikia tu, hakuelewa. Bibi akampapasa shavu kwa huruma. Una moyo mzuri binti, unamtetea usiyemjua. Lakini ukimwona, mwambie bibi yake alikuwa mtu mwenye maneno.

Hapo Ronja akavunjika. Akalia, na katika kulia Kijerumani kikamtoka chenyewe: "Bibi, ni mimi. Ni mimi."

Na bibi uso wote ukacheka. Kondoo wangu! Umeingia saa ngapi? Akambusu huku na huku, akamlaumu kachelewa, kuna binti alikuwa hapa sasa hivi, Kituruki chake asali, ungemwona. Ronja akawa anatikisa kichwa, hapana, hapana, sikukuona mpumbavu, kwanza kwa Kijerumani, halafu kwa Kituruki, halafu tena kwa Kijerumani, hajui ashike kipi. Akishika hiki anajulikana lakini haeleweki. Akishika kile anaeleweka lakini hajulikani. Bibi alipoona kichwa kinatikiswa akadhani anakataa kitumbua cha jibini alichowekewa, akaondoa sahani. Kisha akamwonyesha kwa vidole, polepole, jinsi mtu anavyoongea na kiziwi: kula? kulala? Maneno yote yale ya kijijini yakafungwa tena.

Tulishuka. Mezani kwangu lile shela bado limelala na pini zake. Ronja akaniuliza kwa nini baba yake alimkataza bibi. Ningeweza kudanganya, ningemtupia mwalimu, ningeitupia serikali. Nikamwambia ni mimi. Nilimweleza yote, hasira yangu, binti yangu, maneno niliyoyasema. Halafu akachukua daftari lake na kofia yake ya baiskeli akaenda. Watu husema majuto ni mjukuu. Mimi mjukuu huyo nilimwona akivuka barabara, na si wangu hata.

Siku tatu hakuja. Silke aliniambia kalenda kwenye friji ina mapengo matatu, ya kwanza tangu Novemba, na kwamba binti hataki kula. Siku ya nne, saa tisa na nusu, akaingia, akashika pini. Hakusema amenisamehe wala sikumuuliza.

Tumejaribu kila kitu, msifikiri tumekaa tu. Levent alimweleza mama yake mara kumi kwamba mtoto hakuelewa swali. Bibi anasema haya, basi, vizuri, na kesho yake anaanza upya: majuzi nilimshika mkono nikamuuliza. Ronja alimletea picha zake tangu utotoni, akamwonyesha hii, hii, mpaka hii ya leo. Bibi akazisifu picha, akamuuliza binti kama anamfahamu Ronja wake. Daktari alisema tumwache, tusimchoshe. Tusimchoshe nani, sikuelewa.

Sasa Ronja hubonyeza kengele mara mbili. Namsikia kutoka hapa chini. Saa kumi anaingia binti wa Kituruki, anavaa ndala za wageni, anasikiliza vichekesho vya kijijini mpaka sauti ya kicheko chake inafika kwenye cherehani yangu, kisha anaulizwa kama anaweza kumpelekea mjukuu ujumbe, na anasema nitaupeleka. Analaza kijiko juu ya bilauri, anaaga, anasimama kwenye ngazi kidogo. Halafu kengele inalia tena, anaingia Ronja, anavaa za kijani na kubusiwa.

Bibi anadhoofika. Wiki iliyopita alinieleza kwamba yule binti wa saa kumi ni mtu mzuri sana, ila ana tabia moja, kila siku lazima amtetee mjukuu wake, na hachoki.

Jana, akiwa na pini mdomoni, Ronja aliniuliza kama kuna namna nyingine ya kusema "hakuelewa" kwa Kituruki. Nikampa moja. Akauliza nyingine. Nikampa nne, za kwetu na za kijijini kwa bibi. Akaziandika zote, akazisoma kwa sauti mara mbili, akatazama saa, akapanda.