Paipu ya Mzimu

Katika tanzia tuliyoigiza shuleni kwetu Sori, kando ya ziwa, mimi nilikuwa mzimu wa marehemu mfalme. Kazi yangu ilikuwa kujificha nyuma ya pazia la bwalo, kupuliza kipande cha paipu ya maji kilie huuuu, kisha kumwambia mwanangu nani aliniua.

Mwalimu wetu wa drama alisema mzimu ndio injini ya mchezo. "Ukiutoa, hakuna kisasi, hakuna maiti, watu wanaenda nyumbani salama."

"Kumbe mzee amekufa na bado anatuma watoto kazi," nikasema. Nikatolewa nje.

Aliyeigiza mwanangu ni rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja. Baba yake alikuwa mvuvi. Mwaka jana mashua yake ilipatikana ziwani, yeye hakupatikana. Basi kuna mstari mmoja uliomshinda rafiki yangu: "Baba, kama ni wewe, sema." Aliusoma kama mtu anayeita rejista.

Siku ya mazoezi ya mwisho, saa kumi hivi, upepo ulitoka ziwani na baridi ya ajabu. Nikapuliza kwa nguvu zote ili niwatishe wapishi waliokuwa jikoni, nyuma ya bwalo. Walitishika kweli. Kwetu sauti ya aina hiyo ni nyawawa, pepo za wafu zinazopita na upepo, na kila mtu hupiga chochote kinacholia ili zipitilize, zirudi ziwani. Mpishi mkuu akaanza na mfuniko wa sufuria. Majirani wakaitikia kwa madebe na mabati, hadi sokoni. Mimi nilikuwa chini, nimeshika mbavu kwa kicheko.

Rafiki yangu akakimbilia jikoni kwa mpishi mkuu, nami nikamfuata hadi mlangoni. "Mama, acha kupiga! Tafadhali!"

"We kijana, unataka ziingie humu?"

"Kama baba yumo kati yazo, mnamfukuza."

Mfuniko ukabaki hewani. Nje nako makelele yakafifia, nyumba baada ya nyumba. Hapo ndipo tukasikia huuuu, ndefu, kutoka upande wa maji.

Akanigeukia. "Omera, ndugu yangu, ni wewe?"

Nikamwonyesha paipu mkononi. "Si mimi. Haki ya Mungu, si mimi."

Mimi ndiye niliyewahi kumwambia githeri ya Jumatano, mahindi na maharagwe matupu, ina nyama, akapanga foleni mara mbili. Sijui kwa nini safari hii aliniamini.

Alirudi bwaloni, akapanda jukwaani taratibu, akalielekea dirisha la upande wa ziwa.

"Baba, kama ni wewe, sema."

Rejista haikuwepo tena katika sauti ile. Hata wanafunzi wa nyuma, wanaochekaga kila kitu, wakaligeukia dirisha lile.

Upepo ukakatika ghafla. Mwalimu akanipungia mkono: puliza! Ilikuwa zamu yangu; nilikuwa nimesharudi nyuma ya pazia, na paipu ilikuwa tayari mdomoni. Nikachungulia kwenye pazia. Rafiki yangu alikuwa bado ameinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayesikiliza simu mahali penye mtandao mbaya.

Nikaitoa paipu mdomoni, nikailaza sakafuni polepole, isigonge.