Nilipojimilikisha Neno Dagaa

Kosa langu la kijinga ni kwamba niliwahi kuamini neno dagaa ni langu. Nilikuwa nimelinunua, jamani. Si dagaa wenyewe, neno. Anwani ya mtandaoni yenye dagaa peke yake, nukta, na vile viherufi vya nchi. Mimi ni mtu wa kibarazani, Bunda naendaga kwa lazima na Butiama kwa msiba, ila siku ile nilijiona nimefika mbali bila kuvaa hata viatu. Nililitazama neno kwenye kioo cheupe cha simu, limetulia kama ziwa kabla upepo haujaamka, nikasinzia nalo mkononi.

Ndotoni wanawake wa Mugango walikuwa wakianika, ufukwe wote unameta, na kila dagaa ana jina langu ubavuni.

Nilipoamka nikaenda kwa jirani yangu, mama anayeuza dagaa wakavu uani kwake. Barabarani ana kibao tu, kimeandikwa DAGAA. Nikamweleza, kwa sauti ya karani, kwamba neno lililo pale ni mali yangu, na maombi ya alama ya biashara nimeshapeleka. Hakubishana. Alichukua rangi ya bluu iliyobaki alipopaka mlango, akalifunika. Wiki mbili nzima, kutoka barazani, niliwaona wateja wa Kiabakari wakipunguza mwendo, wakikitazama kibao kitupu, wakipita zao. Kwake kukawa kimya. Hata ungo sikuusikia.

Kisha jibu la maombi likaja, la adabu sana. Dagaa ni jina la bidhaa yenyewe, kila muuzaji analihitaji, na kulibandika nukta na herufi hakulifanyi la mtu mmoja. Anwani nibaki nayo. Kuwakataza wengine neno, hapana. Nililisoma mara tatu nikitafuta penye huruma.

Nikaenda kwake na kopo la rangi nyeupe, nikaungama yote. Alinisikiliza akipepeta, vumbi la mchanga likielea kwenye jua kati yetu, taratibu, hadi nikatamani nisinzie tena. Ndipo akautua ungo.

"Jirani, wewe hujawahi kuanika dagaa hata mmoja, halafu umenifukuzia wateja kwa ndoto zako. Paka hiyo rangi. Na uandike kwa herufi kubwa, wa kwenye magari waone."