Bibi Alivyonipigia Simu Kutoka Msibani Kwake

Jamani, msiombe yawakute. Mimi nasoma chuo hapa Musoma, na jioni nahudumia wateja kwenye mgahawa mmoja wa mtaa wa Kitaji, maana ada haijilipi. Wiki iliyopita bosi alipata tenda ya kulisha watu wa harusi Ijumaa, siku yenye vipindi tangu asubuhi. Kumkatalia bosi niliogopa. Kutoroka darasani niliogopa zaidi. Nikamwambia mkufunzi kwamba bibi yangu wa Butiama amefariki, na ili uongo ushibe, nikamtajia hadi kijiji.

"Pole sana, mwanangu," akasema, machozi yakimlengalenga. Nikajiona mjanja kweli!

Nilichosahau ni kwamba kwetu mtu hafiwi peke yake. Ijumaa mchana, nimebeba sinia la sato, simu yangu ikaita, namba ya mkufunzi. Nikaipokea kwa sauti ya kilio.

"Haloo, mwalimu..."

Hakuwa mwalimu. Alikuwa bibi.

"Mjukuu wangu, wenzako wa chuo wamejaa hapa uani. Wasichana wamejifunga kanga, wameshusha unga na sukari. Wamenikuta napepeta mtama, wananiuliza marehemu yuko wapi. Kwani mimi nilikufaga lini?"

Sinia likayumba. Nyuma ya bibi nikamsikia mkufunzi akikohoa, halafu darasa zima likaangua kicheko.

"Haya, njoo upesi," bibi akaendelea. "Jogoo nimeshawachinjia. Msiba wangu umeshaanza, anakosekana mfiwa tu."