Shughuli ya Nyota Isiyodunda

Nakumbuka Jumamosi moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo watu wa mtaa wetu wa Kariakoo hawajaisahau mpaka leo, ingawa nimejitahidi sana kuwasahaulisha. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nasoma shahada ya pili ya fizikia, na nilikuwa nimejiaminisha kwamba nimegundua kitu angani. Unaniona leo na miwani yangu unadhani nilizaliwa na subira. Wapi!

Kazi yangu ilikuwa kupekua picha za eksirei. Si za mifupa. Hizi ni za nyota zilizokufa. Nyota kubwa ikifa, hujikunja mpaka upana wake ukawa kama kutoka kivukoni Magogoni hadi Kimara, lakini kwa uzito inalishinda jua. Nyingine huzunguka, na kila zikizunguka mwanga wao wa eksirei hupanda na kushuka kama mapigo ya moyo. Hewa yetu huuzuia mwanga huo, kwa hiyo darubini yake hukaa juu kabisa kwenye satelaiti, sisi tunaletewa picha kwenye kompyuta. Basi katika nyota moja iliyokuwa pembeni kabisa mwa picha, nikaona mapigo. Pigo moja kila baada ya dakika kumi na mbili hivi. Hakuna aliyewahi kuyaandika.

Profesa wangu alikuwa safarini. Nikamtumia barua pepe yenye alama za mshangao nyingi kuliko maneno, nikamwomba awatangazie wenzake wa nje. Kisha, badala ya kutulia nikarudia hesabu zangu, nikamwambia Shangazi Mwanaidi.

Shangazi Mwanaidi wa Magomeni alikuwa hajui lolote kuhusu nyota, lakini shughuli alizijua. Haikupita wiki, wanawake wa ukoo mzima wameshona sare za kitenge cha bluu chenye nyota, turubai limefunga uchochoro wetu, pilau liko jikoni, na kikundi cha matarumbeta kimewasili na mpiga ngoma wao, mtu mmoja makini sana aitwaye Chande.

Shangazi akashika kipaza sauti. "Leo ngoma itapigwa vilevile inavyopiga nyota ya binti yetu! Binti, mwelekeze."

Nikamwelekeza: pigo moja, kila dakika kumi na mbili.

Chande akapiga. Ndu! Akaweka kijiti chini, akavuta kiti, akakaa. Wanawake waliokuwa wameshaanza kucheza wakabaki mikono juu.

"Mbona umeacha?" Shangazi akauliza.

"Sijaacha," Chande akajibu, akitazama saa yake. "Bado dakika kumi na moja."

Wakati watu wakisubiri, Mjomba Salehe akaja kukaa pembeni yangu na sahani yake. Huyu alikuwa fundi saa, ana meza yake ndogo karibu na soko, na hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Hongera, binti. Sasa niambie. Mimi mteja akiniletea saa, kabla sijaiweka sikioni navua kwanza ya kwangu. Niliwahi kumwambia mtu saa yake imepona, kumbe nasikiliza yangu. Hicho chombo chenu huko juu, kimetulia?"

"Kinayumba kidogo. Kinayumbishwa makusudi, ili doa bovu la kamera lisiharibu sehemu moja tu ya picha."

"Kinayumba na kurudi baada ya muda gani?"

Nikainuka, nikaingia chumbani, nikafungua maelezo ya darubini. Dakika kumi na mbili hivi, vilevile. Nyota yangu ilikuwa ukingoni mwa picha; kila darubini ikiyumba, ilitoka nje kidogo ikarudi. Nyota haikupiga pigo hata moja. Darubini ndiyo iliyokuwa ikinengua.

Wakati huohuo nikasikia nje: Ndu! Vigelegele vikalipuka, maana pigo la pili lilikuwa limesubiriwa kwa hamu.

Nikakaa kitandani. Nikajiambia hakuna hata mmoja kati yao atakayejua. Wale, wacheze, waende zao. Kisha nikaikumbuka ile barua pepe, na jina la Profesa ambalo lingechafuka pamoja na langu. Mjomba alikuwa mlangoni.

"Kukosea hakunisumbui," akasema. "Kinachonisumbua ni kwamba umekaa humu unasubiri watu wamalize kula."

Nikamwandikia Profesa kwanza. Halafu nikatoka, nikachukua kipaza sauti.

"Ndugu zangu, nyota ipo. Ila haipigi. Nilikosea."

Bibi mmoja wa mbele akauliza, "Imekufa?"

"Ilishakufa zamani, bibi."

"Inna lillahi," akasema, akajifuta machozi kwa kanga, na wenzake watatu wakamfuata.

Shangazi akaninyang'anya kipaza sauti. "Sasa mnataka pilau nilirudishe likawe mchele? Chande, piga unavyojua wewe!" Wakacheza mpaka magharibi, na nadhani Chande ndiye aliyefurahi kuliko wote.

Kesho yake Profesa akajibu: tangazo alikuwa ameshaliandika, bado kulituma tu. Amelifuta. Mtaani nikaitwa Bi Dunda, na jina hilo nilikaa nalo miaka. Baadaye sana nilikuja kuona mapigo ya kweli katika nyota nyingine. Nilikaa nayo miezi minane nikiyapima kwa darubini tofauti, na Shangazi alikuwa mtu wa mwisho kuambiwa.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiona jambo kubwa ambalo wengine wote hawajaliona, furahi, lakini jikague wewe kwanza, na chombo unachotazamia. Mtafute mtu asiyeogopa kukuuliza swali la kijinga, umjibu kwa heshima. Na ukigundua umekosea, sema siku hiyohiyo, mbele ya walewale uliowaambia mwanzo. Utaona aibu, ndiyo. Mimi niliona, na bado niko hai, nakula vizuri.

Mwenyezi Mungu akupe macho ya kuona mbali, akupe ulimi mwepesi wa kusema "nilikosea", na akujaalie watu watakaokucheka wakiwa wamekushika mkono. Amina.