Tumbo Langu na Tundu la Boila

Boila ya kiwanda chetu ilikuwa na tundu moja tu la kuingilia, na mwaka huo tundu lilinikataa. Kichwa kilipita. Mabega yakapita baada ya kubembelezana kidogo. Tumbo likasema hapana. Wenzangu wawili wakanivuta miguu, nikang'oka kama mzizi wa muhogo, shati limekwama shingoni. Mmoja alicheka mpaka akaketi chini.

Kiwanda chenyewe kilikuwa cha kukamua mafuta ya mbegu za pamba, hapa Kisumu karibu na ziwa, miaka ya sitini ikielekea kuisha. Mara kwa mara boila ilizimwa, ikaachwa ipoe, halafu mtu anaingia ndani na nyundo ndogo kubandua ukoko ulioachwa na maji. Huyo mtu alikuwa mimi. Shule niliachia darasa la sita, lakini kwa hiyo kazi watu wa mtaa wetu wa Kaloleni waliniita fundi, na mimi sikuwakataza.

Nyapara wetu alikuwa na tumbo kubwa kuliko langu, ila yeye hakuhitajika kuingia mahali popote. Aliniambia taratibu kwamba boila itazimwa tena mvua ndefu ikiisha. Nikipita, mimi bado ni fundi. Nisipopita, nyundo atampa mtu mwembamba, na mimi nitapewa rungu na koti la askari wa geti.

"Geti ni pana," akasema. "Hutakwama."

Nikaenda zahanati. Sisi kila mtu mwenye koti jeupe tulimwita daktari, basi daktari akanisimamisha kwenye mizani, akaangalia, akaigonga kwa kidole kuona kama ni nzima. Akauliza nakula nini. Nikasema ugali. Akasema punguza chakula. Nikamwambia kupunguza ni kwa waoga, mimi nitaacha kabisa.

Sasa, kwetu chakula ni ugali. Vingine ni vya kupitisha wakati. Mtu anakula sahani mbili za nyoyo, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha, anateremsha na viazi vitamu na chai ya maziwa, na ukimuuliza kama amekula anakujibu kwa uchungu kwamba tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni. Kwa hiyo mimi nikaacha ugali. Jioni watu wa nyumba wakila, nilikaa kando na uso wa mtu aliyefiwa, watoto wakinihurumia. Asubuhi nilikunywa chai na mandazi, si chakula. Nikiwa kazini, muhogo wa kukaanga. Mchana nyoyo. Nikipita sokoni Kondele, ndizi mbivu, kwa sababu mama wa ndizi alikuwa ananijua na si vizuri kumpita mtu hivi hivi. Usiku, kwa vile njaa hailazi mtu, wali kidogo, ule kidogo wa sahani kubwa.

Nikarudi kwa daktari na fahari yangu. Mizani ikasema nimeongezeka. Nikasema imeharibika. Akaniomba nimtajie kila kitu nilichotia mdomoni jana, nikamtajia kwa uaminifu mpaka karanga. Akaweka kalamu chini.

"Na hivi vyote wewe unaviitaje?"

"Kushikilia roho, daktari. Nikingoja chakula."

Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akanieleza polepole, kama mtu anayemfundisha ng'ombe njia. Ugali urudi, lakini uwe kama ngumi yangu. Sahani nusu ijae mboga: osuga, akeyo, mrenda. Samaki awe ngege wa kuchemsha, asiogelee kwenye mafuta. Chai bila sukari. Baiskeli niipumzishe, niende kazini kwa miguu. Na katikati ya mlo na mlo nisitafune kitu isipokuwa maneno.

Chai bila sukari ilikuwa kama kusikiliza redio iliyozimwa. Ngumi nayo ilileta vita. Mama Watoto alipima ugali kwa ngumi yangu kila jioni, na mimi niliikunja vidole vikiwa vimelegea ili ivimbe. Alinigonga na mwiko. Ikarudi ukubwa wake.

Nikaanza kukonda. Hapo ndipo shida ikamhamia yeye. Siku hizo tumbo la bwana lilikuwa ushahidi wa bibi yake, na ushahidi wangu ulikuwa unapotea mchana kweupe. Kwenye mfereji wanawake walimuuliza kama unga umepanda bei kwetu peke yetu. Wengine walisema anampelekea mamake. Maneno yakafika kwao Bondo, na Jumamosi, boila ikisubiriwa kuzimwa Jumatatu, shangazi yake akatokea mlangoni na kuku wawili, samli, na unga wa kutosha harusi.

Alikuwa amekuja kuokoa jina la ukoo wao, na alikusudia kuliokoa kupitia mdomo wangu. Kwa heshima ya ukwe hakuweza kuketi akinitazama nikila. Alikaa jikoni na kukagua sahani zikirudi. Nikaona hapa pana nafasi. Nikamwita jirani yangu, mtu mwembamba anayekula kama moto wa nyasi. Mimi nikala ngumi yangu, yeye akamaliza kuku mzima. Sahani zikarudi zinang'aa. Shangazi akafurahi sana, akachinja wa pili.

Jirani alipouona ule mlima mpya wa ugali, akafungua mkanda, akaomba ruhusa kwenda kuangalia kama nyumba yake bado iko. Nikabaki na mlima. Jikoni nikasikia shangazi akisema, "Umeona? Mtu alikuwa anakufa njaa."

Nikanyoosha mkono. Ningefanya nini? Nisipokula, bibi yangu amekwisha. Nikila, Jumatatu nakabidhiwa rungu.

"Waya, mimi ndiye namkondesha," Mama Watoto akamwambia shangazi yake, kwa sauti ya kunifikia. "Namnyima makusudi. Na kesho nitamnyima tena."

Shangazi akauliza, "Nitawaambia nini Bondo?"

"Waambie mtoto wenu ni mchoyo."

Kwetu afadhali mwanamke aitwe mvivu, aitwe hata mchawi, kuliko hilo. Mama Watoto akaja mwenyewe, akauondoa ugali mbele yangu, hakunitazama. Shangazi aliondoka asubuhi bila kunywa chai.

Jumatatu mwenzangu alileta mafuta ya pamba anipake tumboni. Nikakataa, nilitaka kupita kwa haki. Kichwa, mabega, nikavuta pumzi, na kabla sijasali vizuri nikaangukia ndani na pua. Huko nje watu wakapiga makofi kwenye chuma, masikio yangu yakalia.

Kisha giza likaingia. Ulikuwa uso wa nyapara, umejaza tundu lote. Akaniuliza kwa sauti ya chini nilikula nini. Nikamwambia habari ya ngumi, ya osuga, ya chai ile.

"Ni hivyo tu?"

"Hapana, Mkubwa. Inataka pia bibi atakayekubali kuitwa mchoyo."

Akafikiri kwa muda mrefu, akinizibia mwanga.

"Hiyo ya mwisho kwangu haipatikani," akasema, akatoa kichwa chake, na mimi nikaanza kugonga ukoko.