Mvua Niliyowapelekea Wakwe

Niliacha shule darasa la sita, na leo nina shamba la ndizi huku Mitunguu, chini ya mlima, ambalo wenye digrii huja kupiga picha. Kitu kimoja tu kilinishinda: kumfanya baba mkwe, mkulima wa chai huko juu mlimani, aniheshimu. Kwake mimi ni mtu wa kule kwa jua, basi.

Binti yangu anasomea hali ya hewa chuoni Embu. Likizo iliyopita alinieleza kwamba wamejumlisha vipimo vya miaka mingi, na wastani unaonyesha hewa ya joto hupanda mchana kutoka kwetu ikibeba unyevu. Ikifika juu inapoa, mvua inanyesha. Mimi nilisikia jambo moja tu: maji ninayonyunyizia ndizi ndiyo yanamnyeshea mzee.

Jumapili nikavaa suti, nikapanda kwake, nikamwambia mbele ya wageni, "Baba, hiyo chai yako ni mimi naimwagilia."

Mzee akaweka kikombe chini. "Na ile mvua ya mawe iliyochana majani yangu juzi, ni wewe pia uliituma?"

Nikampigia binti yangu aniokoe, simu nikaiweka kwa spika ili wote wasikie, nikamuuliza kama si maji yangu yanayonyesha huku juu.

"Baba, maji mengi yanatoka baharini. Yako hata hayaonekani kwenye hesabu."

Wageni walicheka mpaka mvua ikaanza. Mtaro ulipofurika kuelekea jikoni, mzee alinipa jembe.

"Toka uongee nayo, mkwe wangu. Wewe inakujua."